Kupiga santuri kwa kalenda ya zamani na sindano ya kushonea

Wakuu, kuna mchezo huwa naufanya jioni umeme ukikatika na kila mgeni anayeukuta anataka nimfundishe, nimechoka kurudia, basi naandika yote hapa. Unachukua karatasi ngumu, unaikunja kama muuza karanga anavyokunja, unachomeka sindano kwenye ncha, unaigusisha kwenye santuri inayozunguka, na wimbo unatoka. Hamna waya, hamna betri, hamna spika. Karatasi yenyewe ndo inaimba.

Ila kwanza hili, na usiliruke: sindano ya kushonea inaharibu santuri. Inaharibu kila unapopiga, hata ukiwa na mkono mwepesi kama wa mkunga. Mi nililijua kwa njia mbaya. Nilianza na sahani moja ya dansi ya bibi yangu, upande ule alokuwa anaupenda, nikaurudia kama mara tano hivi kwa furaha ya kusikia sauti inatoka kwenye karatasi, afu nikaja kuinamisha sahani dirishani nikaona kuna mkanda wa kijivu umezunguka kama mtu kapaka chaki, na kwenye ncha ya sindano kuna vumbi jeusi. Lile vumbi ndo wimbo wenyewe, nimeuchonga nikautoa. Bibi wala hakugomba, aliniuliza tu, "Sasa mjukuu wangu, hiyo utaipiga tena na nini?"

Kwa hiyo tafuta sahani ya kutoa kafara. Ile iliyopasuka pembeni, inayorukaruka, iliyoachwa juani ikapinda kidogo, zile za masomo ya lugha ambazo hamna mtu anakumbuka zilifikaje kabatini. Iliyopinda sana kama chapati iache, sindano itakuwa inaruka kila mzunguko. Na kama una santuri nzuri ya mzee wako, hata kama huna pa kuipigia, irudishe kwenye ganda lake isubiri siku utapata mashine.

Angalia lebo katikati, utakuta namba ya spidi: 33⅓, 45 au 78, yaani mizunguko kwa dakika. Anza na ya 45, ile ndogo, kwa sababu inazungushika kirahisi kwa mkono na mara nyingi imechongwa kwa sauti kubwa. Huku kwetu ndo zimejaa pia, nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 70 zilikuwa zinarekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam afu sahani zinaenda kutengenezwa Nairobi, ukibahatika unaokota kwenye meza za vitu chakavu. LP, zile sahani kubwa za 33⅓, zinakubali ila sauti inakuwa ndogo na mikono inachoka. Za 78 ni habari nyingine, zile nzito zinazovunjika kama kigae. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zake zilitoka kwenye hizo, na hazikuwa za plastiki, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Gramafoni za wakati huo zilitumia sindano za chuma nene ambazo unabadilisha kila upande, ule unga wa mawe ulikuwa unainoa sindano mpaka inakaa sawa na mfereji, ule mstari uliochongwa kwenye sahani wenye wimbo. Mifereji ya hizo 78 ni mipana, sindano ya kushonea inaenda kukwangua chini kabisa ambako hamna kitu. Ukiokota ya 78 usiichezee, itunze.

Haya, vifaa. Kalenda ya ukutani ya mwaka jana, ile ya karatasi nene inayong'aa, au manila. Sindano ya mkono iliyo nyembamba na mpya. Supaglu, seloteipu, uzi, chupa ya maji iliyojaa, kijiti cha mshikaki kirefu. Na kitu cha kuzungushia sahani, ambacho nitakielezea sana kwa sababu ndo panaposumbua watu.

Koni kwanza. Kata karatasi iwe kama sentimita 30 kwa 40, shika kona moja, viringisha mpaka upate koni yenye ncha kali na mdomo mpana kama bakuli la uji. Ncha isiwe na tundu, iminye na uibane kwa gundi kidogo. Pale karatasi inapopandana piga seloteipu kuanzia nchani mpaka mdomoni bila kuacha sehemu inapepea, maana palipo wazi patakuwa pananguruma na utadhani santuri ndo mbovu. Ukimaliza ipige kwa ukucha. Ikilia "tap" kama kingoma kidogo iko sawa, ikilia "fwap" karatasi ni laini, tafuta nyingine. Gazeti halifai kabisa, linameza sauti.

Sasa sindano, na hapa wengi wanakosea kwa sababu wanaichomeka ielekee mbele kama mdomo wa mbu. Itasikika, sikatai, ila kwa mbali. Sababu yake ni hii. Mvumbuzi Thomas Edison alipotengeneza mashine yake ya kurekodi sauti mwaka 1877 sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwenye karatasi ya bati, lakini miaka kumi baadae mvumbuzi mwingine, Emile Berliner, akaja na sahani bapa ambayo mfereji wake unakwenda kushoto na kulia kama njia ya nyoka, na santuri zetu zimefuata huyo wa pili. Yaani sindano yako itatikiswa pembeni, haitasukumwa juu. Unataka ule mtikisiko wa pembeni usukume koni kwa urefu wake, mbele na nyuma, ndo hewa iliyo ndani itasukumika vizuri. Kwa hiyo toboa koni kwa kukatiza, sentimita moja kutoka nchani, sindano iingie ukuta wa juu itokee wa chini, ncha ining'inie kama sentimita moja na nusu. Tone la supaglu juu, tone chini, acha ikauke mpaka ukiigusa haichezi hata kidogo. Sindano ikilegea tu sauti inaishia hapo kwenye gundi.

Kizungushio. Nimejaribu vingi. Penseli katikati ya sahani unazungusha kwa vidole kama pia, inawezekana, tundu dogo la santuri linaingiza penseli ya kawaida karibu bila kucheza, ukiizungushia seloteipu kidogo inabana, lakini sahani inayumba na spidi inakufa baada ya sekunde chache. Kwa kuwaonyesha watoto inatosha. Mota ya feni niliacha, ina kasi mno na mtetemo wake unaingia kwenye wimbo. Kilichonikomboa ni ile sahani ya dada yangu ya kupambia keki, ile inayozunguka yenye goroli ndani, unaisukuma kwa kidole inateleza yenyewe. Ya chuma ni bora kuliko ya plastiki kwa sababu uzito unaifanya isishtuke shtuke. (Omba ruhusa. Mi niliirudisha ina gundi, bado tunaongelea hilo mpaka leo.)

Weka kipande cha kitambaa juu ya hicho kizungushio, afu sahani, na uhakikishe katikati ya sahani imekaa katikati ya kizungushio haswa. Ikikaa pembeni hata kwa milimita mbili wimbo utakuwa unapanda na kushuka kama mtu anaimba ndani ya boti. Kama santuri yako ya 45 ina lile tundu kubwa, kata duara la boksi lenye upana wa milimita 38, tumbukiza, alama ya katikati unaipata kwa rula. Na meza iwe imelala sawa, weka goroli ya mtoto juu ya kizungushio kabla hujaweka sahani, ikikimbilia upande mmoja weka gazeti chini ya mguu wa meza.

Unazungusha kwa kidole kimoja kilichokaa juu ya lebo, usiguse mifereji. Kidole hakinyanyuki, kinazunguka na sahani mfululizo, kulia kama mshale wa saa. Spidi unaipataje? Bandika kipande kidogo cha seloteipu kwenye ukingo wa sahani, fungua apu yoyote ya metronomu, kile kipima mapigo, kwenye simu, weka 45, kila ikilia "tik" ile alama iwe inapita mbele ya tumbo lako. Ukishindwa kufuata weka 90, iwe inapita mbele yako na upande wa pili kwa zamu. Kwa LP ni mizunguko 5 kwa sekunde 9, ambayo kwa kidole ni taratibu mno, ndo maana nilisema inachosha. Fanya mazoezi dakika mbili tatu bila sindano. Kusema kweli hii ndo kazi yote, koni mtu yeyote anakunja, ila mkono unaozunguka bila kushtuka unatafutwa.

Kabla ya kushusha sindano itundike koni. Watu wengi wanaishika mkononi na kuikandamiza bila kujua, mkono wa binadamu ni mzito jamani, mashine za kisasa zinaweka gramu mbili tu hivi juu ya santuri, wewe unaweka kiganja kizima. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye kifuniko cha chupa ya maji kiwe kimeinama juu ya sahani, funga uzi, uzi mwingine uzungushie koni pale inapopata mizani, ikae imening'inia kama mizani ya sonara, mdomo ukiwa nje ya sahani kuelekea kwako na ncha ikiwa juu ya mifereji. Rekebisha mpaka upande wa ncha uwe mzito kidogo tu kuliko wa mdomo. Uzi uwe mrefu kwa sababu mfereji utaivuta koni taratibu kuelekea katikati na inabidi iwe huru kwenda.

Afu mwelekeo wa sindano. Sahani inazunguka, ncha ya sindano ielekee kule sahani inakokwenda, iburuzwe nyuma kama fimbo ya mzee anayeiburuza barabarani. Ukiigeuza ikawa inaikabili sahani inalima kama jembe, utasikia "krrrr" na hapo umeshaharibu.

Anza kuzungusha, spidi ikikaa sawa shusha ncha kule pembeni mwanzo wa wimbo. Utasikia kwanza "shhhhh" kama mafuta yanapata moto, usishtuke, huo ni mfereji mtupu. Halafu linaingia gita. Dogo, kavu, kama redio ya jirani imefunikwa na sufuria, lakini ni gita. Mara ya kwanza mi niliacha kuzungusha kwa mshangao na mwimbaji akazama na sauti nzito kama anamezwa na ardhi, watoto wakakimbia.

Besi sahau, koni ndogo kama hii haiwezi. Magita ya solo, tarumbeta, saksafoni na sauti za waimbaji zinakuja vizuri, ngoma zinakuwa vigongo tu. Redio ikizimwa na chumba kikatulia mnasikia watu wanne watano mkiwa mmeizunguka meza. Ukitaka kubwa zaidi ongeza mdomo wa koni, kata karatasi kubwa, ila uzito nao unaongezeka kwa hiyo rudi kwenye uzi upange mizani upya.

Sindano ikiteleza kukatiza sahani, meza imeinama au koni ni nyepesi mno nchani. Ikirudia neno moja moja kama kasuku, mfereji una mkwaruzo, isukume kwa pumzi, sio kwa kidole. Sauti ikiwa inakwaruza zaidi ya mwanzo, sindano imechoka au ina vumbi, ifute kwa pamba, ikiendelea badilisha.

Kama roho inakuuma kutumia chuma, jaribu mwiba. Enzi za gramafoni watu walikuwa wanatumia mianzi na miiba ya dungusi ili sahani zisiliwe haraka, sio ushamba. Mi nimetumia mwiba wa mgunga uliokauka na ncha ya jani la mkonge, huu wa mkonge ni mweusi na mgumu, unaunoa kwa msasa laini mpaka unachoma kidole. Sauti inapungua, ile mikwaruzo mikali nayo inapungua, na vumbi jeusi linakuwa kidogo sana. Shida yake hauchukui muda unakuwa butu, kwangu haujawahi kumaliza upande mmoja wa sahani bila kunoa tena, kwa hiyo andaa mitatu minne.

Na jiandae kwa kitu kimoja kama sahani yako ni ya dansi ya 45. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande, kwa hiyo waliukata katikati, wengine pale pale gita linapochangamka. Mara ya mwisho umeme ulipokatika nilikuwa nazungusha, dada kashika tochi ya simu, bibi kakaa kwenye mkeka kafumba macho, wimbo ukafifia sindano ikafika kwenye lebo ikawa inalia "tk, tk, tk". Bibi bila kufumbua macho akasema, "Geuza, sehemu ya pili ndo tamu."