Namna ya kutafsiri "rise" bila kukimbilia "panda"

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na kazi yake ya kwanza ya tafsiri yenye malipo: kijitabu cha maji kwa wanaoishi kando ya Mto Pangani. Kurasa 12, na kitenzi cha Kiingereza "rise" kimo mara tisa. Mara zote tisa kijana alikuwa ameandika "panda". Mto unapanda, bahari inapanda, bei inapanda, wanawake wanapanda alfajiri kwenda kuteka maji. Ya bei ndiyo pekee iliyosimama. Tulikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri tukaipitia yote, naye akaniomba nimwandikie utaratibu. Ndio huu.

Hatua ya 1: Mjue mtenda kwanza

Chapisha matini kwenye karatasi, chukua penseli, piga mstari chini ya kila kinachofanya hiyo "rise". Usianzie kwenye kitenzi. Jua huchomoza. Unga wa maandazi huumuka. Vumbi hutimka, moshi hufuka, hasira humpanda mtu, nywele humsimama, wafu hufufuka, bei hupanda. Aliyekaa huinuka au husimama. Aliyelala huamka, na akiwahi kabla ya jogoo hudamka. Kenya watakwambia anarauka. Wale wanawake wa kijitabuni walikuwa wanadamka.

Programu za kutafsiri za kwenye simu sizitaki kwenye kazi hii, hata kwa rasimu. Ukishaiona "panda" kwenye kioo, macho yanaizoea, na kuiondoa kichwani ni kazi kubwa kuliko kutafsiri upya. Tena neno lenyewe lina mizigo yake tayari: tunapanda mbegu, tunapanda basi, tunapanda mlima, tunapanda cheo. Ukisikia "alipanda mnazi" huwezi kujua kama unaambiwa habari za mkulima au za mkwezi, mpaka uulize. Pwani tuna "kukwea" kwa kazi hiyo. Kamusi ninayoitumia ni ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya lugha mbili naifungua mwisho kabisa, kujihakikishia tu.

Hatua ya 2: Tenganisha "rise" na "raise"

Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili kwa kuwa yanasikika karibu sawa. Ya kwanza haina kinachotendwa, kitu kinakwenda chenyewe. Ya pili lazima awepo wa kukifanya kiende. Usihangaike kukariri sheria ya Kiingereza, sheria unayo mdomoni tangu utotoni: inuka na inua, fufuka na fufua, umuka na umua, zuka na zua, ibuka na ibua. Penye -uka ni "rise", penye -ua ni "raise". Swali likiibuka lenyewe ni "arise", jamaa yake wa karibu. Mtu akiliibua ni "raise". Mpwa wangu alipoliona hili alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja jozi zake mwenyewe. Si vitenzi vyote vinavyokwenda hivyo (amka huzaa amsha, panda huzaa pandisha), lakini mwendo wenyewe ni uleule.

"Raise" nayo ina mambo yake: mtoto hulelewa, ng'ombe hufugwa, fedha huchangishwa, sauti hupazwa, bendera hupandishwa, mkono hunyooshwa.

Hatua ya 3: Milima

Mlima hauendi popote. Kiingereza kikisema Kilimanjaro "rises" mita 5,895, andika kuwa una urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, basi. Ukitaka picha, tumia -me-: mlima umeinuka juu ya tambarare. Ukiandika "unainuka", msomaji ataona mlima unaokua mbele ya macho yake.

Hatua ya 4: Maji

Hapa tenga muda.

Miaka mingi iliyopita nilipewa sura moja ya jiografia ya kutafsiri. Sentensi moja ilisema Mto Pangani "rises" Kilimanjaro na Meru, na iliyofuata ikasema mto huohuo "rises" mwezi Aprili. Nilianza baada ya alasiri. Nikaandika kwamba mto unapanda Kilimanjaro, nikafuta, kwa sababu maji hayapandi mlima. Nikaandika kwamba mto unajaa Kilimanjaro, nikafuta, kwa sababu sentensi ya pili ndiyo iliyozungumzia kujaa, na mwandishi hakuwa na sababu ya kusema jambo moja mara mbili. Isha ilinikuta na sentensi zilezile mbili. Kilichoniokoa ni ramani ya ukutani. Nilifuata mto kwa kidole, kutoka mjini Pangani unapomwaga maji baharini, nikarudi nyuma hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, na pale mistari ikagawanyika: Kikuletwa kwenda upande wa Meru, Ruvu kwenda upande wa Kilimanjaro. Kidole kilipofika mwisho wa mstari, neno likaja lenyewe. Mto unachimbuka huko.

Tangu siku hiyo nina swali moja la mito: sentensi inajibu "wapi" au "lini"? Ikijibu wapi, andika huchimbuka, huanzia, au chimbuko lake ni. Ikijibu lini, maji yanajaa.

Swali hili lina mitego yake. Mtego wa kwanza: mahali panapotajwa si lazima pawe chimbuko. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Mto Nile "rises" Aswan, usiandike kwamba unachimbuka Aswan. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, Nile ulikuwa ukijaa Misri kila mwaka katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba kwa mvua za Ethiopia, na Aswan ni mahali pa kupima maji, si pa kuanzia mto. Kwa hiyo ramani iwe wazi mbele yako. Kamusi haitakuokoa hapo.

Mtego wa pili: kujaa si kufurika. Mto uliojaa bado umo ndani ya kingo zake, uliofurika umeshatoka. Kijitabu cha mpwa wangu kilikuwa na maelekezo ya kuhama mabondeni, na mahali pamoja, baada ya kufuta "unapopanda", aliweka "mto unapofurika, hamisha mifugo", ilhali asilia ilisema mto unapoanza kujaa. Ng'ombe wa mtu wangesubiri mpaka maji yafike zizini. Neno kama hilo huliandiki kwa kukisia. Ukiwa na shaka, mpigie simu aliyekupa kazi.

Mtego wa tatu: vipimo. Maji yakiongezeka mita mbili, andika kina kimeongezeka kwa mita mbili. Hiyo "kwa" isikosekane: "kimeongezeka hadi mita mbili" ni habari nyingine kabisa. Ziwa Victoria mwaka 2020 lilipita kiwango kikubwa kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964, na katika habari za namna hii "kina kimepanda" inafaa kabisa. Hapo "panda" ina haki yake, kwa kuwa kinachopanda ni kiwango, kama bei.

Mtego wa nne ni bahari, na huu unawapata hata wazoefu wa bara. Kijitabu kilisema bahari "is rising". Mpwa wangu, baada ya kufuta "inapanda", akaweka "bahari inajaa". Kwa mtu wa Pangani hiyo si habari. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kila mvuvi anajua saa zake. Ukimwambia bahari inajaa, atakuuliza itakupwa saa ngapi. Kinachosemwa pale ni kwamba usawa wa bahari wenyewe unaongezeka mwaka hadi mwaka, kujaa na kupwa kukiendelea juu yake. Andika hivyo, kwa urefu huo, hata kama Kiingereza kimetumia maneno machache.

Hatua ya 5: Watu wengi kwa pamoja

Bunge la Uingereza likisemwa "rose" saa nne usiku, halikusimama wala halikuinuka: liliahirishwa. Mahakama vilevile.

Umma uki-"rise" dhidi ya watawala, chagua neno ukijua unasimama upande gani. Vitabu vya Kiingereza huita yaliyotokea kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907 "rising" au "rebellion", na ukifuata neno kwa neno utapata "uasi". Uasi ni neno la aliyeasiwa. Sisi tunasema Vita vya Maji Maji, na mimi siandiki vinginevyo.

Hatua ya 6: Msomee asiyejua Kiingereza

Sisi tulimsomea mama yangu, aliyezaliwa Pangani. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchicha. Mahali pamoja tu alimsimamisha mjukuu wake, penye maji ya chumvi kuingia visimani. Kijana alikuwa ameandika "maji ya visima yanapanda chumvi", "panda" ya kumi, ambayo hata kwenye asilia haikuwapo. "Maji yanaingia chumvi, mwanangu," akamwambia. Kijana akachukua penseli.