Kifua kinauma ukikibonyeza? Jinsi ya kujua kama ni gegedu za mbavu

Mtu akiumwa kifua huku kwetu anafika zahanati ameshajipa majibu matatu njiani: ni moyo, au ni vidonda vya tumbo, au kuna jirani kamrushia kitu. La nne hata haliwazi, na ndo hilo nakutana nalo sana hapa Mwanza pembeni mwa ziwa, gegedu za mbavu zimechachamaa. Kitaalamu wanaita kostokondraitisi, usihangaike nalo jina, hakuna mtu atakuuliza.

Gegedu unaijua. Ukila kidari cha kuku ile ncha nyeupe inayotafunika kwa sauti ndo yenyewe. Na wewe unazo, mbavu zako jozi 12, jozi saba za juu kila ubavu unakuja mbele unaishia na gegedu inayoshikana na mfupa wa kidari katikati, jozi tatu zinazofuata gegedu zake zinaegemea ile ya juu yake, mbili za chini zinaning'inia tu. Sasa zile sehemu za kushikana zinacheza kila ukivuta pumzi, ukicheka, ukigeuka kitandani. Mkono ukiumia tunaufunga utulie, ubavu utaufungaje na mtu anatakiwa apumue? Ndo maana zikishachachamaa zinachelewa kupoa.

Kabla hujaanza kumbonyeza mtu, jambo la kwanza, na hili silegezi hata kwa ndugu yangu. Uliza haya haraka: maumivu ni kama mtu kakalia kifua, yanabana, yanaenda bega la kushoto, mkono, taya au mgongoni? Anatoka jasho la baridi, anatapika, pumzi inakata, kazimia? Yanakuja akipanda mlima na kuisha akisimama? Anakohoa damu, au mguu mmoja umevimba na juzi tu kajifungua au kafanyiwa operesheni? Moja tu likiwa ndiyo acha mambo ya vidole, tafuta gari apelekwe hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando ukiwa mjini, na isiwe bodaboda kama kuna uwezekano maana mtu wa moyo anaweza kuzimia akadondoka. Mtoto au mtu mzima mwenye siko seli naye akilalamika kifua ni hospitali moja kwa moja, kanda ya ziwa tunao wengi na kifua cha siko seli hakina mzaha.

Haya, kama hamna hayo, tuendelee.

Mwambie akuonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Usimwambie zaidi ya hapo, kaa kimya uangalie. Kuna mama mmoja muuza dagaa wa pale Mwaloni Kirumba alikuja kajishika kwa khanga, nikamwamkia nikamwambia mama nionyeshe kwa kidole kimoja tu, akaweka kidole pembeni ya mfupa wa kidari upande wa kushoto, "mwanangu ni hapa hapa, panachoma kama sindano". Mtu wa moyo mara nyingi anaweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, hawezi kukwambia ni hapa. Siyo sheria ya kuapia, ila ni dalili nzuri ya kuanzia.

Alafu sasa kubonyeza, na hapa ndo watu wanakosea. Akiwa mwanamke awe na mtu wake au nesi pembeni, na umwombe ruhusa kwanza, siyo unarukia tu kifua cha mke wa mtu. Tafuta lile shimo la chini ya koo, teremka na kidole juu ya mfupa wa kati kama vidole vitatu hivi, utakuta kinundu kinachokatiza. Pembeni ya hicho kinundu, kushoto na kulia, ndo ubavu wa pili. Kutoka hapo teremka mmoja mmoja, wa tatu, wa nne, wa tano, kwasababu tatizo likiwepo hukaa sanasana kuanzia wa pili mpaka wa tano. Bonyeza kwa ncha ya kidole, siyo kiganja, pale ubavu unapokutana na mfupa wa kidari, nguvu ya kutosha ukucha wako ubadilike uwe mweupe basi. Anza upande usiouma ili ajue kawaida ikoje.

Swali la kuuliza siyo "inauma?" maana mtu yeyote ukimkandamiza mbavu atasema inauma, hata wewe jaribu sasa hivi. Uliza "ni yale yale yaliyokuleta, au ni mengine?" Akiruka akasema ni yale yale kabisa, hapo umepata kitu. Yule mama wa dagaa nilipogusa ubavu wa nne alinishika mkono akaniangalia vibaya, nikajua tayari.

Kuna na mbinu mbili za kuchezesha. Ya kwanza mwambie aweke mikono nyuma ya kichwa, simama nyuma yake, viwiko uvivute taratibu kuelekea kwako huku yeye anaangalia juu, anakuwa kama jogoo anataka kuwika. Ya pili chukua mkono wa upande unaouma uvuke kifua uelekee bega la pili, uvute polepole. Maumivu yale yale yakiamka kwa moja au zote mbili basi ushahidi unaongezeka. Mwambie pia avute pumzi ndefu, akohoe, ajigeuze kiuno. Za gegedu huwa zinachoma kwenye hayo yote, na akikaa akatulia zinapungua.

Angalia pia kama kuna uvimbe wa kuonekana. Kostokondraitisi ya kawaida haivimbi nje, inauma tu. Ukiona kabisa kinundu kimejaa, sanasana ubavu wa pili au wa tatu na ni sehemu moja tu, hiyo ni ndugu yake, inaitwa ugonjwa wa Tietze, kwa jina la daktari Mjerumani Alexander Tietze aliyeuandika mwaka 1921. Nao kwa kawaida unapoa, ila uvimbe wowote wa kifua mwonyeshe daktari auangalie, maana hata TB inaweza kukaa kwenye ubavu, na uvimbe mwingine hata hautaki jina tukiwa tunakula.

Sasa historia, na huku ziwani historia inaongea yenyewe. Uliza wiki mbili tatu zilizopita alikuwa anafanya nini. Kuvuta nyavu usiku kucha, kupiga kasia baada ya injini kuzima, kubeba ndoo za dagaa mbichi kutoka kwenye mtumbwi, kushusha magunia, kubeba zege, au kikohozi kile cha mafua kilichokaa wiki tatu hakitoki. Kifua kinachovutwa hivyo kila siku lazima sehemu moja ilalamike. Wakati mwingine hata chanzo hakionekani kabisa, usimlazimishe mtu akumbuke kitu ambacho hakikutokea.

Mi mwenyewe, tabibu mzima, nilihama nyumba nikapanda na godoro na mtungi wa gesi kule milimani Bugarika, mawe matupu gari haifiki, alafu nilikuwa na kikohozi juu yake. Siku ya tatu kifua kinachoma. Nikajiambia vidonda vya tumbo, nikameza omeprazo wiki mbili nzima na kuacha maharage bure, hadi nesi wangu akanibonyeza kwa utani tu nikapiga kelele. Kwa iyo siwacheki wagonjwa.

Magonjwa mengine ya kuyatoa njiani usiyaruke. Kiungulia kinawaka baada ya kula na ukilala chali, kubonyeza hakukiamshi. Nimonia, hiki ndo wengi wanakiita kichomi, inakuja na homa, kikohozi, kupumua harakaharaka. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito, hapo peleka makohozi yapimwe TB, hata kama gegedu nayo inauma, kwasababu kikohozi cha TB chenyewe kinaweza kuichokoza gegedu ukatibu dalili ukaacha ugonjwa. Vua shati uangalie ngozi, mkanda wa jeshi unaanza kuunguza siku kadhaa kabla vipele havijatoka, unazunguka upande mmoja kama mkanda kweli. Na kama aliteleza kwenye mawe au alipigwa kwenye ugomvi, fikiria ubavu umevunjika.

Watu wanauliza kipimo gani kinaonyesha. Hakuna. Damu haionyeshi, eksirei ya kifua huwa inatoka safi, ugonjwa huu unapatikana kwa maswali na kidole basi. Eksirei na kile kipimo cha moyo cha kubandika nyaya kifuani tunavifanya kutoa vingine, siyo kuuona huu. Na sikiliza vizuri hapa maana hili ndo linaua watu: kifua kuuma ukikibonyeza HAKUMAANISHI moyo ni mzima. Wapo wagonjwa wa shambulio la moyo ambao ukiwabonyeza nao wanasema inauma, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili siku hiyo hiyo. Ndo maana mwenye miaka 35 kwenda juu, au mwenye presha, kisukari, mvuta sigara, hata kama kidole kimekubali kabisa, mimi namwandikia kipimo cha moyo kwanza. Kijana wa miaka 20 aliyevuta nyavu wiki nzima na hana kingine, huyo naweza kumtibu bila kumtoa hela za vipimo.

Tiba siyo ndefu. Punguza ile kazi iliyoleta, siyo kulala kitandani. Kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni. Paraseto, au ibuprofeni baada ya chakula kwa siku chache, ila ibuprofeni na diklofenaki siyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo, mjamzito, na mwenye presha aulize kwanza. Antibayotiki hazina kazi hapa, wala ile sindano ya siku tano unayoiomba kwenye duka la dawa, hakuna mdudu wa kuua. Chale ndo kabisa, na kukandwa kwa nguvu mpaka ulie kunaichokoza zaidi. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa, wengine inawachukua miezi, inaondoka inarudi, na hiyo haimaanishi kwamba ni moyo kama ulishapimwa. Lakini ikija homa, uvimbe, pumzi kukata, au maumivu yakabadilika tabia yasiwe yale uliyoyazoea, rudi upimwe upya.

Yule mama wa Mwaloni nilimpeleka kipimo cha moyo kwa ajili ya umri, kikatoka kizuri. Tukakubaliana abebe ndoo nusunusu na asijitwishe mwenyewe, mtu amsaidie kuinua kutoka chini. Aligoma kidogo, nusu ndoo ni safari mbili na wateja hawasubiri, ila alijaribu. Wiki ya nne ubavu ukawa umetulia. Tatizo siku ile ya kwanza nilipompima presha ilikuwa 160 kwa 100, nikarudia siku zingine ikawa vile vile, na yeye alikuwa hajui kabisa. Siku hizi anakuja kila mwezi kuchukua dawa za presha, kifua hata hakitaji.