Bonsai kwa mbegu Nyanda za Juu Kusini: shina kwanza, chungu baadaye

Kosa kubwa la anayeanza bonsai (mti unaotunzwa uwe mdogo chunguni, kwa sura ya mkongwe) kwa mbegu ni haraka ya chungu. Mche ukitoa majani manne anauhamishia kwenye chungu kifupi cha kupendeza, kisha anasubiri uzeeke. Utabaki kijiti chembamba miaka na miaka, kwa sababu shina hunenepa pale mizizi inapopata nafasi na majani yanapokuwa mengi. Udogo wa bonsai huja baadaye, kwa kupogoa. Miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo ni ya kukuza shina.

Na usitafute "mbegu za bonsai". Pakiti zinazouzwa mtandaoni kwa jina hilo, zenye picha ya maua ya buluu, ni mbegu za miti ya kawaida, na wakati mwingine hata mti ulioandikwa siyo unaoota. Karibu mti wowote wenye shina gumu na majani madogo unaweza kufanywa bonsai.

Msindano ndio humjia mtu kwanza, hasa Mufindi, ambako kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill miche yake iko kila kona. Siushauri kwa anayeanza. Msindano wetu wa kawaida una sindano ndefu, za sentimita 20 na zaidi, zinazoning'inia. Ukiuweka kwenye chungu unapata ufagio uliolowa. Anza na msaipresi. Majani yake ni magamba madogo, unakubali baridi ya Njombe na Makete, na mbegu zake ni bure: chuma matunda ya kahawia ambayo hayajafunguka, yaanike juu ya kitambaa, yatapasuka na kumwaga mbegu zenyewe.

Aliyeko Iringa sehemu za joto, au mwenye kibaraza kinachokinga baridi, aoteshe mbuyu pia. Mche wake hutunisha shina mapema kuliko miti mingi, kwa hiyo unampa moyo anayeanza. Mbegu chukua za ubuyu mbichi kutoka kwenye kibuyu chake, kama wa Ruaha Mbuyuni. Ule wa rangi nyekundu uliokwisha kupikwa usiutegemee. Ganda la mbegu ya mbuyu ni gumu: likwaruze upande mmoja kwa msasa mpaka uone weupe, kisha loweka mbegu kwenye maji saa 24.

Atika mbegu mwishoni mwa Agosti au Septemba, baridi ikianza kuachia. Ukiatika hivyo, mvua za Novemba na Desemba zitaikuta miche imeshika. Trei yoyote yenye matundu chini inafaa, hata dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni. Changanya mchanga wa mtoni uliooshwa sehemu mbili na udongo wa msitu sehemu moja, bila samadi kwa sasa. Mbegu za msaipresi ni ndogo na nyingi hazioti, kwa hiyo mwaga nyingi, uzifunike kwa mchanga mwembamba. Zitaanza kuchomoza baada ya wiki mbili, nyingine hadi tano.

Adui wa wiki hizo ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche. Jioni mche umesimama vizuri. Asubuhi umelala, na pale shina linapogusa udongo limenywea na kuwa jeusi. Huo hauponi. Utoe pamoja na udongo unaouzunguka, punguza maji, sogeza trei penye hewa. Kumwagilia kwa kuweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo ukanyonya kutoka chini, huepusha sehemu kubwa ya tatizo.

Sasa mizizi, na hapa ndipo bonsai inapoachana na kitalu cha kawaida. Kwenye kitalu cha kupanda shambani tunaulinda mzizi mkuu usikatike wala usipinde. Kwenye bonsai tunaukata makusudi. Mche ukishatoa majani halisi (siyo yale ya kwanza ya mbegu), ung'oe kwa kijiti ukiwa na unyevu, kata theluthi ya chini ya mzizi mkuu kwa wembe safi, kisha tandaza mizizi ya pembeni kama miale, kila upande. Chini ya mche weka kipande cha kigae, ndani ya udongo, ili mizizi ilazimike kwenda pembeni. Baada ya miaka michache itaonekana juu ya udongo ikishika ardhi pande zote, na hilo ndilo linaloupa mti mdogo sura ya mkongwe. Ukikosa hapa, hakuna kupogoa kutakakorekebisha.

Watu wa Mbeya na Rungwe mna malighafi ya udongo wa bonsai ambayo wapenzi wa bonsai nchi nyingine huinunua kwa mfuko: yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Yaponde, yachekeche, baki na chembe za milimita 2 hadi 5, vumbi mwaga. Changanya nusu kwa nusu na udongo wa msitu. Iringa, tofali la kuchoma lililopondwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kisha panda kwenye boksi pana au moja kwa moja bustanini, na uache mti ukimbie. Upe mbolea ya maji ya samadi kila baada ya wiki chache wakati wa mvua. Usikate kilele. Mwaka wa pili, shina likiwa bado laini, lizungushie waya wa alumini au wa shaba kutoka kwa fundi umeme, ulipinde utakavyo, na uutoe waya kabla haujazama kwenye gome. Mwaka wa tatu au wa nne ndipo unakata shina refu, juu kidogo ya tawi la chini lenye majani mabichi. Tawi hilo ndilo litakuwa kilele kipya. Kwa msaipresi zingatia sana hayo majani mabichi, kwa kuwa ukikata mpaka sehemu ngumu isiyo na jani, hauchipui tena. Mbuyu una msamaha zaidi.

Wachumaji wa chai Mufindi na Tukuyu wanaiona kanuni hii kila siku: mchai ukiachwa ni mti mrefu, lakini kwa kupogolewa unabaki kiunoni, na chini una shina nene lililopindapinda. Kwa kweli, asiye na subira ya mbegu akipata kisiki cha mchai kinachong'olewa amepata miaka thelathini ya kazi kwa siku moja.

Msaipresi ukianza kukauka ndani ya matawi na ukaona sisimizi wengi, tafuta vidukari kwenye gome. Nyunyizia maji ya sabuni, rudia baada ya wiki.

Chungu agiza shina likishafika unene unaoutaka. Wafinyanzi wa Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, wanaweza kukufinyangia kifupi ukiwaeleza. Sisitiza matundu mawili chini. Weka bonsai nje, siyo sebuleni. Juni hadi Agosti msaipresi ubaki nje ukimwagiliwa asubuhi, na mbuyu ukishapukutisha majani ingiza ndani, usiupe maji mpaka uchipue.