Mafuta ya mlangamia ya nywele, kuanzia kuchuma mpaka kupaka

Wadau wengi wananiuliza mafuta ya mlangamia, ule mmea wa kamba unaotambaa na kunyonya miti mingine, yanapikwaje, leo naweka hatua zote. Hapa naongelea ya kupaka tu, kunywa simshauri mtu kwasababu mmea huu una alkaloidi (kemikali kali za mimea) na ukizidisha ni sumu, mama mjamzito ndo kabisa asijaribu.

Kwanza hakikisha ni wenyewe, maana huku pwani kuna mimea miwili inaitwa jina hilohilo. Ninaotumia mimi ni kijani kuelekea njano, kamba zake ngumu kama waya, majani huyaoni, vitunda vyake vya mviringo vina nyama, na ukiufikicha unanukia, ni ukoo mmoja na mdalasini na parachichi. Ule laini wa njano kali au chungwa wenye vitunda vikavu ni ukoo wa viazi vitamu, achana nao.

Pili, na hapa ndo watu wanaparuka: angalia umepanda juu ya mti gani! Mlangamia ukishashika mti mizizi yake ya ardhini inakufa, unaishi kwa kufyonza. Fungua kamba taratibu kwenye tawi utaona vinyonyeo vimejipanga mstari upande ule uliogusa gome, basi humo ndo maji na chakula cha mti vinapita, na sumu ya mti inaweza kupita humohumo. Ukiukuta kwenye mnyaa, ule wenye utomvu mweupe wa sumu, usiuguse. Mi nachuma kwenye mwembe au mkorosho, na mkorosho lazima nimuulize mwenye shamba kama kapuliza salfa (dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho), kama kapuliza naondoka.

Mabaki ya kamba choma, usitupe kwenye ua wa jirani, miti yake itateseka bure.

Osha, katakata, anika kivulini mpaka kamba ivunjike ukiikunja, ikibaki na maji mafuta yataota ukungu. Twanga. Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya mafuta ya nazi au ufuta, weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, kama saa moja hivi, yasichemke. Chuja kwa kitambaa safi.

Kabla ya kichwani paka kidogo mkononi, subiri hadi kesho, ukiwashwa usitumie. Ukiwa salama paka kwenye ngozi ya kichwa usiku, asubuhi osha. Nywele kavu zinalainika vizuri sana ila upara hayatibu, anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuibia.