Gitaa la umeme lenye spika ndani: kulipanga mpaka lisikike vizuri barazani na kanisani

Magitaa ya umeme yenye amplifaya na spika ndani ya mwili wake yameanza kuonekana kwenye kwaya, kwenye mabweni ya wanafunzi, na barazani jioni umeme ukikatika. Kijana mmoja wa kwaya yetu alileta la kwake, nikakaa naye tukalipanga mwanzo mpaka mwisho, na wenzake wakaanza kuniuliza maswali yale yale. Naandika majibu hapa mara moja. Mimi ni mpiga solo na ndiye ninayesimamia mitambo kanisani, kwa hiyo maelezo yangu yanaegemea rumba, dansi na injili. Anayepiga roki nzito atabadilisha mipangilio ya sauti, lakini mambo ya waya ni yale yale.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Danelectro iliyatengenezea maduka ya Sears ya Marekani gitaa la Silvertone ambalo amplifaya yake imo kwenye kasha la kubebea: unafungua kasha, unachomeka waya, unapiga. Baadaye Wajapani wa Fernandes wakaja na ZO-3, gitaa dogo lenye spika tumboni. Kilichoongezeka siku hizi ni kompyuta ndogo ya kutengeneza sauti, betri ya kuchaji, Bluetooth na programu ya simu.

Hatua ya 1: Jua gitaa lako ni la kundi gani

Wauzaji huyaita yote "smati", lakini si kitu kimoja. Kundi la kwanza lina spika ndani, kama Enya Nova Go Sonic: unawasha, unapiga, watu wanasikia. La pili lina kompyuta ya sauti ndani lakini halina spika, kama Mooer GTRS S800; hilo bila hedifoni au amplifaya ya nje utabaki unajisikia mwenyewe. Nimeona mtu akilinunua la pili akidhani ni la kwanza, kwa hiyo uliza dukani kabla ya kutoa pesa: "Spika iko wapi? Nionyeshe."

Na kama tayari una gitaa zuri la umeme, maoni yangu ni kwamba usinunue jingine. Chukua kiamplifaya cha kuchomeka kwenye tundu la gitaa, kama Fender Mustang Micro au Vox amPlug, upige kwa hedifoni. Gitaa unalolijua vidoleni lina thamani kuliko spika iliyofichwa ndani ya gitaa geni.

Ukinunua, tafuta lenye vitufe na vifundo vya kweli vya sauti, geini (nguvu ya sauti inayoingia) na efekti (vikolezo vya sauti kama mwangwi). Gitaa ambalo kila kitu chake kinabadilishwa kwa simu litakuangusha katikati ya wimbo, siku simu itakapozima.

Hatua ya 2: Chaji, tyuni

Chaji ijae. Tyuni kwa noti ya la (A) ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Endelea.

Hatua ya 3: Kuunganisha na simu

Pakua programu ya mtengenezaji, washa Bluetooth, kisha unganisha ukiwa ndani ya programu hiyo. Magitaa mengi hujitokeza kwa majina mawili: moja ni la kupitishia muziki kutoka kwenye simu, jingine la kubadilishia mipangilio. Lile la muziki unaliunganisha kwenye mipangilio ya simu kama spika yoyote. Lile la pili uiachie programu ilitafute yenyewe.

Programu isipoliona gitaa, na simu yako ni Android ya toleo la 11 au chini yake, washa huduma ya mahali ulipo na uiruhusu programu kuitumia. Kwenye matoleo hayo, kutafuta vifaa vya Bluetooth vya aina hii kunahitaji ruhusa hiyo hata kama gitaa halina haja yoyote na ramani. Watu wengi hufika hapa wakarudisha gitaa dukani wakidhani ni bovu.

Ikikuomba usasishe programu ya ndani ya gitaa, kubali, ila betri zote mbili, ya gitaa na ya simu, ziwe na chaji na usiondoke hapo mpaka imalize.

Hatua ya 4: Tengeneza sauti inayolingana na spika ndogo

Uzi mnene ukipigwa wazi hutoa hezi 82 hivi. Spika ya inchi mbili au tatu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha huko chini. Ukipandisha besi ili isikike nene, utapata mkwaruzo na betri itakwisha mapema. Shusha besi chini ya nusu, pandisha sauti za kati kidogo juu ya nusu, sauti kali za juu ziwe nusu. Sikio litajijazia lenyewe sehemu kubwa ya kinachokosekana.

Hapa ndipo muziki wetu unapofaidika. Uzi mwembamba ukiwa wazi ni kama hezi 330, na kwenye freti ya 12 unafika 660. Solo ya rumba na ya benga hukaa huko juu ya shingo, nyuzi nyembamba, sauti safi isiyochafuliwa, na hapo spika ndogo inajitosheleza. Anayepiga ridhim ya kupangusa nyuzi zote sita atahangaika zaidi. Namshauri aache nyuzi mbili nene na ashike kodi kwenye nne nyembamba.

Mpangilio ninaouweka mimi kwa solo: ampu ya aina safi, geini robo, kompresa kidogo ili noti ndogo zisimezwe, dilei (marudio ya noti), na rivebu (mwangwi kama wa ukumbini) ya kugusa tu. Dilei usiiweke kwa kubahatisha. Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo na utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa pigo, nusu yake 250, na robo tatu yake 375. Mimi napenda robo tatu, marudio mawili, yasikike kwa chini. Solo inajipanga na ngoma bila kujaa matope. Hifadhi mpangilio huo kwenye kitufe cha kwanza, kisha tengeneza wa pili usio na efekti hata moja. Huo mkavu utauhitaji kwenye hatua inayofuata.

Ukipandisha geini, gitaa litapiga mluzi, kwa sababu pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ziko sentimita chache tu kutoka kwenye spika. Shusha geini, na zizime kwa kiganja nyuzi usizozipiga. Ukitaka disto nzito (sauti ya kukwaruza), vaa hedifoni.

Hatua ya 5: Kutoka nje ya spika yake

Soma hii taratibu, hata kama haraka yako ni kubwa.

Barazani na darasani spika ya ndani inatosha. Kwenye kwaya yenye kinanda na ngoma haitoshi, na wa kwanza kufikiriwa huwa sabufa ya Bluetooth. Usifanye hivyo. Sauti inayopita kwenye Bluetooth ya kawaida ya muziki huchelewa, mara nyingi milisekunde mia moja mpaka mia mbili na zaidi. Kwenye ule wimbo wa mapigo 120, mia mbili na hamsini ni nusu ya pigo zima. Utapiga na mpiga ngoma, watu watakusikia nyuma yake, na wewe utaanza kukimbia ili umfikie. Bluetooth ni ya kuleta muziki wa kusindikizia kutoka kwenye simu kuja kwenye gitaa: hapo hakuna shida, kwa sababu unapiga ukifuata unachokisikia. Sauti ya vidole vyako ipite kwenye waya. Hedifoni nazo ziwe za waya, isipokuwa zile zisizo na waya zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya ala.

Sasa, waya gani? Hapa ndipo yule kijana alipokwama, na mimi naye, jioni nzima ya mazoezi. Alichomeka waya kutoka kwenye tundu la hedifoni la gitaa, tundu dogo la milimita 3.5, ukaingia kwenye miksa kwa jeki kubwa ya milimita 6.35. Kwenye hedifoni gitaa lilisikika vizuri. Kwenye spika za kanisa ilitoka sauti ya mbali, nyembamba, kama mtu anapiga chumba cha pili. Tulibadilisha waya, chaneli, hata miksa yenyewe. Kila kitu kilikuwa kizima.

Tatizo liko kwenye jeki. Itazame: kama ina mistari miwili myeusi, basi ina sehemu tatu, yaani ncha, pete na shina. Kwenye hedifoni, ncha hubeba upande wa kushoto, pete hubeba wa kulia, na shina ni njia ya kurudia. Lakini tundu la chaneli kwenye miksa nyingi halitarajii kushoto na kulia. Linatarajia sauti moja iliyotumwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa kichwa chini, na kazi yake ni kupunguza sauti ya pete kutoka kwenye sauti ya ncha, kama hesabu ya kutoa, ili kelele zilizoingia njiani zifutike. Gitaa lako linatuma kitu kilekile kushoto na kulia, bila kugeuza. Miksa inatoa kimoja kutoka kwenye kingine na inabakiwa na karibu sifuri. Kinachosalia ni ile tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia, ambayo kwa kawaida ni rivebu na korasi (efekti ya kunenepesha sauti) za stirio, yaani zinazotofautiana kushoto na kulia. Ndiyo maana mnasikia mwangwi na hamsikii gitaa.

Kuhakikisha, weka ule mpangilio mkavu. Sauti ikitoweka kabisa kwenye miksa huku hedifoni zikiwa na sauti, umeshajua.

Dawa ni waya wenye jeki ndogo ya stirio upande mmoja na jeki mbili kubwa za mono, yaani za sauti moja kila moja, upande wa pili. Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, utaupata. Ukiukosa, nunua ule wa kawaida wa aux kwenda RCA mbili na adapta mbili za RCA kwenda jeki kubwa. Kushoto chaneli moja, kulia ya pili, au zote mbili kwenye chaneli ya stirio kama miksa inayo. Chaneli zikiwa chache, chomeka upande mmoja tu, mwingine uuache unaning'inia bila kugusa chuma. Matundu ya RCA ya miksa yanafaa pia, ila kwenye miksa nyingi huingia moja kwa moja kwenye sauti kuu bila vifundo vya besi na kali, na mwenye mitambo atakulaumu.

Mambo ambayo hutakiwi kufanya: usichomeke jeki ya mono kwenye tundu la hedifoni, kwa sababu inaunganisha upande wa kulia na shina, na amplifaya ndogo ya hedifoni inaweza kuumia. Usitumie waya unaozikusanya pande mbili kuwa moja. Pande hizo zitasukumana. Usipitie tundu la maikrofoni huku umeme wa volti 48 wa miksa ukiwa umewashwa. Na usichomoe jeki nusu eti kwa sababu ikiwa nusu inasikika. Inasikika kweli, mpaka mtu apite na kuugusa waya katikati ya ibada.

Kama gitaa lako lina tundu kubwa la kawaida la gitaa, soma kitabu chake ujue tundu hilo linatoa nini. Likitoa sauti iliyokwisha kupita kwenye efekti, tumia waya wa kawaida wa gitaa, umemaliza. Likitoa sauti ghafi ya pikapu, miksa itaifanya iwe butu, kwa sababu pikapu inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kiasi cha megaomu moja, na la miksa huwa na kiloomu chache tu. Hapo unahitaji boksi la DI, yaani kiboksi cha kulinganisha sauti ya gitaa na tundu la miksa, au chaneli yenye kitufe maalumu cha gitaa.

Sauti ikishaingia, anza na volyumu ya gitaa kwenye robo tatu na geini ya chaneli ikiwa chini kabisa, upandishe polepole. Ukianza na gitaa chini na chaneli juu utaingiza mvumo.

Hatua ya 6: Kurekodi kwenye simu

Tumia waya wa USB, simu iwe na uwezo wa OTG, yaani wa kupokea kifaa kingine kwenye tundu lake la USB. Simu isipoliona gitaa, badilisha waya kwanza: nyaya nyingi za bei ndogo zina njia za chaji tu, hazipitishi data. Ukirekodi video, gonga uzi mara moja mwanzoni mbele ya kamera, itakusaidia kulinganisha picha na sauti.

Hatua ya 7: Betri, joto na chumvi

Usipige huku chaja ikiwa imechomekwa ukutani kama unasikia mvumo au mlio mwembamba. Chaja za bei ndogo huingiza kelele zake. Pawabenki mara nyingi huwa kimya zaidi. Usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto huichosha betri ya lithiamu haraka kuliko kupiga usiku kucha. Walio pwani, mwili wa plastiki yenye nyuzi za kaboni haujali unyevu kama mbao, lakini nyuzi zitapata kutu vilevile, na matundu ya jeki pia: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na lifunike. Ukiliacha kwa wiki kadhaa, liache na chaji nusu.