Namna ya Kugharimia Matunzo ya Programu-jalizi ya Uanachama Mwaka hadi Mwaka

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na msanidi mwenzangu, ambaye programu-jalizi yake (programu ndogo ya nyongeza) ya kusimamia uanachama katika WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ilikuwa na watumiaji wengi lakini mapato yake hayakutosha hata kulipia seva. Nachukulia kwamba tayari unayo programu inayofanya kazi, na kwamba kinachokusumbua ni fedha za kuiendeleza.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi usizoweza kuzikwepa

Kabla ya kufikiria bei, andika kazi ambazo zitakujia hata usipoongeza kipengele kimoja. Kihariri cha vitalu, yaani sehemu ya kuandikia kurasa kipande kwa kipande, kilipoingia katika WordPress 5.0 mnamo Desemba 2018, njia nyingi za kuficha maudhui kwa wasio wanachama zililazimika kuandikwa upya. Kanuni za Umoja wa Ulaya za uthibitishaji madhubuti wa mlipaji, zilizoanza tarehe 14 Septemba 2019, ziliwagusa wengi waliokuwa wakikata ada za wanachama wa Ulaya kwa kadi, na toleo la 8.0 la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, la Novemba 2020 likageuza kuwa hitilafu kamili mambo ambayo awali yalileta onyo tu. Kadiria saa ambazo kazi za namna hii hula kwa mwaka, ongeza saa za kujibu maswali ya wateja, kisha zidisha kwa ujira wako. Kiasi hicho ndicho mapato yako yanapaswa kukifikia kwanza.

Hatua ya 2: Chagua chanzo kikuu kimoja

Michango haitoshi. GitHub Sponsors na Open Collective ni huduma nzuri za kupokea michango, na faili ya FUNDING.yml huweka kitufe cha ufadhili kwenye ukurasa wa mradi katika GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa dakika chache, kwa hiyo iweke. Hata hivyo, mwenye tovuti ya uanachama kwa kawaida anaendesha biashara, na mhasibu wake huidhinisha kwa urahisi ankara ya huduma kuliko sadaka. Chanzo kikuu kiwe leseni ya mwaka inayompa mteja masasisho na msaada. Leseni ya kulipa mara moja na kutumia daima siipendekezi kamwe, kwa sababu kuiuza ni kula mbegu: fedha huingia leo, na wajibu hubaki miaka yote.

Hatua ya 3: Tenganisha toleo la bure na la kulipia

Saraka ya WordPress.org, yaani orodha rasmi ya programu-jalizi za bure, hairuhusu programu-jalizi yenye vipengele vilivyofungwa hadi mtu alipe. Vya kulipia viweke katika programu-jalizi ya pili, unayoisambaza mwenyewe.

Hatua ya 4: Amua kitakachotokea leseni inapoisha

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na hapa ndipo programu za uanachama zinapotofautiana na nyingine. Programu ya kupamba picha ikizimika, tovuti inapungua uzuri. Programu inayolinda mlango ikizimika, ama maudhui yaliyolipiwa yanabaki wazi kwa kila mpita njia, ama wanachama waliokwisha kulipa wanafungiwa nje. Watu hao hawana deni lolote kwako. Kwa hiyo leseni ikiisha, zuia masasisho na msaada pekee, na uache kila kipengele kiendelee kufanya kazi. Kufunga vipengele hakukulindi sana hata hivyo, maana chini ya GPL, leseni huria ambayo WordPress yenyewe hutumia, mteja ana haki ya kuibadilisha programu na kuondoa kufuli lako.

Katika faili kuu ya programu ya kulipia, weka kichwa cha Update URI, yaani mstari wa mwanzoni unaotaja masasisho yanatoka wapi, kinachoelekeza kwenye kikoa chako. Kichwa hiki kilianza na WordPress 5.8 mwaka 2021, na bila hicho programu nyingine yenye jina la folda sawa na lako katika saraka inaweza kuletwa kwa mteja kana kwamba ni sasisho lako. Uhakiki wa leseni ufanyike wakati WordPress inapotafuta masasisho, jambo ambalo kwa kawaida hutokea mara mbili kwa siku, na usifanyike kila ukurasa unapofunguliwa. Hifadhi jibu la mwisho, na seva yako isipopatikana, ichukulie leseni kuwa bado hai.

Kuna pia tovuti za majaribio. Mteja anaponakili tovuti yake, ufunguo wa leseni unanakiliwa pamoja na hifadhidata, na mfumo wako unaweza kuhesabu usakinishaji wa pili na kumnyima sasisho katika tovuti halisi. Usihesabu localhost (tovuti iliyo ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe) wala vikoa vidogo vya majaribio, na mpe mteja kitufe cha kuondoa anwani ya zamani bila kukuandikia.

Marekebisho ya kiusalama ni suala la peke yake. Tundu kubwa likigundulika, wapelekee kiraka hata walioacha kulipa, kwa sababu kinachohatarishwa ni taarifa za wanachama wao.

Hatua ya 5: Kusanya malipo

Tumia kampuni inayokuwa muuzaji rasmi kwa niaba yako, kama Paddle au Freemius. Tangu Januari 2015, kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa kwa walaji wa Umoja wa Ulaya hufuata nchi ya mnunuzi, na kazi hiyo haifai kufanywa kwa mkono. Washa malipo ya kujirudia, ukitanguliza barua pepe ya ukumbusho.

Hatua ya 6: Pokea kazi za kuagizwa, kwa masharti

Mteja mkubwa akitaka kipengele kipya, mkubalie alipie usanidi wake, mradi mkataba useme wazi kwamba msimbo utaingia katika programu kuu chini ya GPL. Akitaka kibaki chake peke yake, kiandikwe kama kiongezi tofauti chenye ada yake ya matunzo ya kila mwaka, na mkataba utamke kwamba ada hiyo isipolipwa, hulazimiki kukilinganisha na matoleo mapya.