Flipesi ya Cryptococcus: jinsi ya kupima kama inafanya kazi

Utando wa seli una tabaka mbili za lipidi na hazifanani, fosfatidilserini (tuiite PS) makao yake ni tabaka la ndani, ikitokeza nje kuna protini inaidaka na kuirudisha ndani kwa nguvu ya ATP (nishati ya seli), hiyo ndo flipesi. Flipesi nyingi hazifanyi kazi bila protini mwenza wao, Cdc50. Sasa Cryptococcus neoformans, huyu fangasi wa homa ya uti wa mgongo anayewamaliza wagonjwa wa Ukimwi, ukimtoa Cdc50 ananywea kabisa: flukonazoli, dawa ya fangasi, inampiga kirahisi, kaspofanjini, dawa nyingine ya fangasi ambayo kikawaida haimtishi nayo inamuumiza, hata panya ukimwambukiza haugui.

Anza na matone kwenye agari (jeli ya kuoteshea) maana ni rahisi na bei yake ndogo. Tafuta H99 ya asili (aina ya maabara ya huyu fangasi ambayo haijabadilishwa), mutanti isiyo na CDC50 (jeni ya Cdc50), na mutanti iliyorudishiwa jeni yake. Hiyo ya tatu usiiruke jamani, bila hiyo utajuaje kama hukuharibu kitu kingine wakati unakata jeni? Otesha usiku kucha kwenye YPD (chakula cha kuoteshea fangasi) nyuzi 30, osha, hesabu seli zilingane, punguza mara kumikumi halafu dondosha mikrolita 5 5 kwenye agari yenye dawa na isiyo na dawa (yote haya ndani ya kabati la usalama, huyu mdudu anaingia kwa kuvutwa na pumzi). Siku 2 au 3 soma. Pleti isiyo na dawa lazima madoa yalingane, mutanti ikiwa nyuma tayari hapo basi usiisingizie dawa. Kwenye flukonazoli H99 inashuka na madoa meupe mazito hadi mbali, mutanti unaona ukungu mwembamba kwenye tone la kwanza, koloni mbili tatu kwenye la pili, basi.

Ila hapo umeonyesha udhaifu tu, hujaonyesha kwamba PS haihamishwi, na wengi wanaishia hapa wanaandika hitimisho kuubwa.

Kwa hiyo chukua NBD-PS, yaani PS yenye kipande kinachong'aa kijani, changanya na seli changa, weka gizani nyuzi 30 kama nusu saa, sampuli nyingine ikae kwenye barafu muda wote. Kisha osha na maji baridi yenye albumini ya ng'ombe, hii inafyonza PS iliyobaki nje, ukizembea hapa kila seli itang'aa na utadhani flipesi zote nzima. Ongeza propidiamu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, ili uzitenge, kisha pitisha kwenye flo saitometa, mashine inayopima mwanga wa seli moja moja. Kama huna, maikroskopu ya floresensi inatosha kuanzia: H99 inang'aa ndani, mutanti imefifia. Mutanti ikibaki na mwanga kidogo usishtuke, PS nyingine inaingia na vifuko vya utando wenyewe. Ile sampuli ya barafu inaonyesha mwanga ulioganda tu kwenye seli bila kuhamishwa, iondoe kwenye hesabu kwanza, ila haiondoi ya vifuko maana baridi inavizuia navyo.